Namba Sita Yuko Ndani

Siku ya ishirini na moja baada ya kumzika papa Maurice, mzee wa ofisi yetu, nilimkuta kazini.

Nasema nilimkuta kwa sababu hata leo sijapata neno lingine. Ilikuwa Jumanne asubuhi, saa tatu kasoro. Nilikuwa peke yangu katika ofisi yetu ndogo ya Kabondo, hapa Kisangani, kompyuta mbele yangu na simu sikioni. Upande wa pili alikuwa Papy, fundi wa makao makuu kule Kinshasa, na sauti yake bado ilikuwa ya mtu aliyeamshwa.

"Aimée, huku ni saa mbili kasoro. Sijakunywa hata chai. Nyinyi batu ya Est, jua yenu inawadanganya."

"Papy, nimetupwa inje tena. Mara ya ine leo. Naingia, naandika majina mbili, tatu, halafu écran inakuwa nyeusi."

"Na inasema nini?"

Nilimsomea maneno yaliyokuwa kwenye kioo: mtumiaji mwingine ameingia katika kompyuta ya mbali, kwa hiyo wewe umeondolewa.

Shirika letu linatibu watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda. Orodha zote za nchi nzima zinakaa katika kompyuta moja Kinshasa, isiyozimwa usiku wala mchana. Sisi wa mikoani tunaiingia kutoka mbali. Kwanza unafungua VPN, ambayo ni kama handaki lako mwenyewe ndani ya intaneti, mtu mwingine asione kinachopita. Kisha kioo cha Kinshasa kinatokea juu ya kioo chako, unaandika kana kwamba umeketi kule. Ni kitu kizuri sana. Nilipokisoma chuoni nilijiambia kwamba kwa kitu hiki mtoto wa msituni na daktari wa mji mkuu wanaweza kukaa chumba kimoja. Lakini kompyuta ile ina kiti kimoja tu. Akiingia wa pili, wa kwanza anaanguka.

Na mimi niliendelea kuanguka tangu Jumatatu, siku niliyoanza kuandika orodha. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha kadi ya simu, nikatoka mtandao mmoja nikaenda mwingine. Nilipunguza rangi za kioo, nikaondoa programu na kuiweka upya. Hakuna kilichosaidia. Na siku hiyo ya Jumanne orodha ilikuwa inafungwa.

"Seize heures, Aimée," Papy alinikumbusha, yaani saa kumi alasiri. "Ikifika seize heures, namutumia chirurgien liste. Hakuna dakika juu."

Madaktari wa upasuaji walikuwa wanafika Kisangani Ijumaa, kwa siku nne tu. Vitanda, dawa, plasta, kila kitu kinahesabiwa kwa orodha. Mtoto asiyekuwa kwenye orodha anangoja mwaka mwingine, na mfupa wa mtoto hausubiri. Anayeweza kunyooshwa leo akiwa na miaka miwili, mwaka ujao atahitaji kukatwa zaidi, na labda hatapona sawasawa. Nilikuwa na watoto kumi na tisa wa ng'ambo yetu ya mto, nimeshaandika kumi na mmoja. Wa ng'ambo ya kushoto, wa Lubunga na wa kando ya reli, walikuwa kazi ya papa Maurice. Yeye alifanya kazi nyumbani kwake Lubunga, akija ofisini mara moja kwa mwezi. Alikufa ghafla, na fomu za watoto wake hatukuziona. Madame Patricia, mkuu wetu, alituma mtu kuuliza. Familia ilijibu: hapa hakuna makaratasi. Basi akaamua kwamba watoto wale watangoja.

"Bon," Papy alisema, nikasikia vidole vyake vikigonga. "VPN inamupatia kila mutu namba yake. Weye uko tisa. Madame Patricia iko tatu, amelala bado. Sasa kuko mutu moja iko ndani. Namba sita. Sita ni nani?"

Niligeuka kutazama karatasi iliyobandikwa ukutani. Niliiandika mwenyewe wiki yangu ya kwanza kazini, miezi mitano iliyopita, kwa kalamu ya bluu.

"Papy," nilisema. "Rudilia."

"Sita. Mmoja, mbili, tatu, ine, tano, sita."

"Sita ni papa Maurice."

Papy akacheka, lakini kicheko chembamba. "Basi kule mbinguni réseau ya intaneti iko bien kuliko kwetu."

"Papy, usicheke. Nilikuwa ku maziko. Niliona saruji ya kaburi."

Mezani pa papa Maurice, hatua tatu kutoka nilipokaa, palikuwa na kitambaa cheupe. Tulikitandika siku ya kifo, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kabla ya siku arobaini. Hata jina lake katika mashine halikuguswa. Siku ile ya maziko nilimuuliza Madame Patricia kama nifunge akaunti yake, maana ndivyo tulivyofundishwa. Alinitazama kana kwamba nimeomba kumvua marehemu viatu. "Kwetu hatufute jina ya mutu mbele ya siku makumi ine," alisema, na mimi nikanyamaza. Sasa jina hilo lilikuwa linatembea.

"Aimée, nimefungua historique ya kuingia," Papy alisema, na sasa hakuwa na usingizi hata kidogo. "Alianza siku ya tano kisha kifo. Kila siku. Nusu saa asubuhi, nusu saa alasiri, na haachi hata siku moja. Ngoja nikuonyeshe écran yake."

Nikaona. Mungu wangu, nikaona. Kilikuwa kioo cha papa Maurice, na ndani yake fomu yetu ya watoto. Herufi zilikuwa zinatokea moja moja, polepole, kama mtu anayebonyeza kwa kidole kimoja. Iliandikwa herufi, ikafutwa, ikaandikwa tena. Kwa muda fulani, na sioni haya kulisema, niliamini kabisa kwamba ni yeye.

Kisha akili ilirudi na hofu nyingine, mbaya kuliko ile. Mwizi. Mtu ameiba mashine ya marehemu, kompyuta yake ya kazi, katika vurugu za matanga. Ndani yake kuna picha za watoto wetu, majina ya mama zao, simu zao, vijiji vyao. Na sasa anachezea orodha yenyewe.

"Muondoe," nilisema.

"Weye njo uko na droits, ruhusa za mukoa ya Tshopo. Ondoa. Mimi naangalia."

Niliweka mshale juu ya jina. Funga kikao. Mashine ikaniuliza: kazi isiyohifadhiwa itapotea, uendelee? Niliona zile herufi bado zinatokea, moja, halafu nyingine. Nikabonyeza Oui, ndiyo.

Kioo chake kikazimika. Nikafuta akaunti. Nikafuta na ufunguo wa handaki lake, ule wa namba sita. Nilijisikia kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba yenye watoto.

Baada ya hapo sikuanguka tena. Kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza wote kumi na tisa, nikahifadhi. Madame Patricia alipofika nikamweleza, akajishika kifua, akakaa.

"Na hiyo machine iko wapi sasa?"

"Sijui, Madame."

"Enda Lubunga. Sasa hivi. Uulize familia kwa heshima, lakini uulize."

Nilipanda pikipiki mpaka mtoni, nikavuka kwa mtumbwi wenye mota pamoja na mama wawili na baiskeli tatu. Maji yalikuwa yamejaa magugu, yale majani yanayoelea. Njiani nilikuwa natayarisha maneno ya kumwambia mjane: pole mama, watu wabaya wameiba mashine ya mume wako.

Nyumba ya matanga haikuwa na haja ya kuulizwa. Hema la plastiki lilikuwa bado limesimama uani, na wanaume wanne chini yake wakicheza dama kwa vizibo vya bia. Aliyekuwa anashinda alikuwa tonton Hubert, kaka mkubwa wa marehemu, dereva wa treni mstaafu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea chuma.

"Karibu, binti. Umekuja kulia ao umekuja kula? Kama ni kula, pondu imeisha."

"Nimekuja kusalimia, tonton. Mimi ni Aimée, wa ofisi ya papa Maurice."

"Ah! Ofisi." Akawageukia wenzake. "Mubaone. Mutu anatumika kazi yenu miaka kumi na mbili, banamuletea couronne ya maua ya plastique. Plastique! Hata mbuzi inakatala."

Wenzake wakacheka. Nikainamisha kichwa, maana couronne ile niliibeba mimi upande mmoja siku ya maziko.

"Tonton, kuko machine ya kazi, ilikuwa na papa Maurice..."

"Machine gani? Nilishasema: hapa hakuna machine, hakuna makaratasi. Ndugu yangu hakuniambiaka mambo yake." Alisogeza kizibo kwa nguvu. "Alikuwa na majivuno, Mungu amusamehe. Miaka mbili, alikuwa ananipita pale ku gare ya treni kama mimi ni nguzo ya stima. Namuita, anageuza kichwa upande ingine. Mimi, mukubwa wake! Lakini damu ni damu. Niko hapa."

Niliomba kumsalimia mjane. Alinitazama kidogo.

"Ingia. Lakini usimusumbue. Mufiwa anakaa ku mukeka. Hatumike kazi, hatoke, mpaka siku makumi ine. Njo desturi yetu."

Sebuleni palikuwa na mkeka, na mkeka ulikuwa mtupu. Wanawake walikuwa nyuma jikoni, nilisikia kinu. Nikataka kurudi. Ndipo nikasikia sauti ndogo ya mwanamke, nyuma ya pazia la chumba cha ndani.

"Maurice, banatufunga. Sijui nimekosea wapi. Nimeandika yote vile ulinionyesha. Tangu asubuhi inasema hapana."

Nikakaribia. Nikasogeza pazia.

Mama Marthe, mjane wake, alikuwa ameketi sakafuni, amevaa nyeusi toka kichwani hadi miguuni. Mbele yake, juu ya sanduku la nguo, ilikuwa mashine ya papa Maurice. Mapajani alikuwa na daftari kubwa. Ukutani, picha ya marehemu imeegemezwa, amevaa miwani yake myeusi. Na kwenye kioo, maneno niliyoyajua kuliko sala: muunganisho umekataliwa.

Hakupiga kelele. Aliweka kidole mdomoni.

"Funga rideau, Aimée. Haraka."

Nikafunga. Nikapiga magoti kando yake.

"Mama Marthe, ni mama njo alikuwa anaandika?"

"Sasa ungetaka nani aandike?"

"Lakini jina ni ya papa Maurice. Mot de passe, neno ya siri, ni yake."

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

"Mutoto wangu, Maurice hakuandikaka kitu tangu miaka mbili. Alikuwa haone."

"Haone namna gani?"

"Haone. Jicho la kushoto lilikufa kwanza, kisha la kuume. Alikuwa anaona mwangaza ya dirisha, basi."

Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimekaa naye chumba kimoja, kila mwisho wa mwezi, mara nne! Halafu vitu vikaanza kujipanga kichwani mwangu kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilikuwa kofi. Ile miwani. Mke wake akimshika mkono mpaka mlangoni, na sisi wasichana wa ofisi tukitabasamu: amour, mapenzi ya wazee. Kidole chake kikifuata ukingo wa meza. "Aimée, unisomee hii, nimesahau lunettes zingine, za kusoma." Nilimsomea, nikafurahi kwamba mzee ananiamini. Sikuona kitu. Mimi mwenye macho mawili.

"Kwa nini hakusema?"

"Wangemwambia apumuzike. Na mama zile za ku reli, nani angeenda kubatafuta? Basi tulipanga. Yeye anasema, mimi naandika. Tukimaliza liste yote, namusomea kwa sauti, toka juu mpaka chini. Maurice alikuwa anasikia kosa kuliko sisi tunaiona. Akisema 'sawa', njo naweka, nahifadhi. Mbele ya kusoma, hatuwekake."

Nikageukia kioo.

"Na hii ya sasa, mama?"

Alinionyesha daftari. Lilikuwa daftari la matanga, lile ambalo kila anayekuja kutoa pole anaandika jina lake. Fomu za marehemu, aliniambia, hazikuwahi kuwepo. Karatasi ya nini kwa mtu asiyeona? Kila mtoto alimhifadhi akilini. Lakini mama wale walikuja kumlilia, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa miguu siku mbili, na kila mmoja baada ya kulia aliinama sikioni mwa mjane na kuuliza: na mutoto wangu? Mama Marthe hakuruhusiwa kushika kazi, lakini daftari la pole aliruhusiwa kushika. Pembeni ya jina la kila mama akaandika mtoto, umri, mguu, kijiji, namba ya simu. Na kila siku, shemeji na mawifi wakidhani amekwenda kuoga au amelala, aliingia huku akabonyeza kidole kimoja kimoja. Akimaliza nusu saa aliacha ukurasa wazi vilevile, na kompyuta ya Kinshasa ikamtunzia mpaka aliporudi.

"Leo asubuhi nilifika ku jina ya kumi na ine. Ya mwisho. Ilibakia kusoma tu."

"Hukuweka hata moja?"

"Haijasomwa, Aimée. Tunaweka namna gani?"

Niliona tena ule mshale. Niliona Oui. Herufi ile ya mwisho niliyoiona ikitokea ilikuwa ya jina la mtoto, na mimi nililikata katikati.

"Mama," nilisema. "Ni mimi nilifunga. Nilifikiri ni mwizi. Yote imefutika. Yote kumi na ine."

Nilitegemea anipige. Alitazama picha ukutani, kisha akafungua daftari.

"Ni saa ngapi?"

"Saa nane na nusu."

"Basi tunapoteza wakati. Ita ule mutu ya Kinshasa."

Nilimpigia Papy, nikamweleza yote.

"Bibi ya Maurice, muke yake," alisema. "Miaka mbili. Na mimi nilikuwa namusifu kwa mikutano: liste ya Lubunga haina kosa hata moja." Akakohoa. "Lakini Aimée, mutu mufu siwezi kumurudisha. Jina yake imefutwa, imefutwa. Unipe mutu muzima."

"Andika Marthe."

"Madame Patricia amekubali?"

"Nitamuuliza."

"Mbele ao kisha?"

"Kisha."

"Alors, sikusikia kitu. Nakutumia ufunguo sasa hivi."

Tulianza saa tisa kasoro robo. Mtandao ulitoka kwenye simu yangu, niliyoiegemeza dirishani. Vidole vyangu ni vyepesi, kwa hiyo mimi niliandika na yeye akasoma, kwa sauti ya chini sana. Mtoto wa kwanza. Wa pili. Handaki lilikatika mara mbili. Nikaliunganisha tena, nikapunguza rangi zote za kioo mpaka kikawa kijivu kama maji ya mvua. Kila baada ya jina moja nilitaka kuhifadhi, na kila mara aliushika mkono wangu.

"Bado."

"Mama, ikikatika tena?"

"Inakatika, inarudi. Ukiweka kosa, nani atairudisha?"

Tulikuwa tumefika mtoto wa kumi wakati pazia lilipofunguka kwa nguvu.

Tonton Hubert alijaza mlango mzima. Aliona mashine juu ya sanduku. Aliona mjane wa ndugu yake, siku ishirini na moja tu, na kalamu mkononi.

"Marthe!" Sauti yake iliwanyamazisha hata wale wa jikoni. "Udongo ya ndugu yangu haijakauka, weye unatumika? Na unaniambia hakuna machine? Unanificha, mimi? Kumbe njo majivuno yenu, ya bibi na bwana!"

"Kaa chini, yaya, mukubwa wangu," mama Marthe alisema.

"Sikai!"

"Basi simama, lakini usikie. Ndugu yako hakukupitaka ku gare. Alikuwa haone. Macho yake ilikuwa mimi."

Sijawahi kumwona mtu mkubwa akipigwa bila kuguswa. Mkono wake ulitafuta ukuta.

"Haone?"

"Ulikuwa unaita, yeye anageuza kichwa kutafuta sauti inatoka wapi. Treni inapiga kelele, anageuza upande mubaya. Anafika hapa analia. 'Marthe, Hubert aliniita, sikumupata.' Nilisema nikuambie. Alinikataza. Alisema mukubwa wake asimuone akipapasa."

Tonton Hubert alikaa chini sakafuni kama gunia. Alitazama ile picha, miwani ile. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu, labda siku, labda mara zote alizotema mate ndugu yake alipopita. Nilikuwa na watoto wanne wa kuandika. Nikaandika.

Nilipomaliza wa kumi na nne nilitazama saa yangu. Saa kumi na dakika mbili.

"Imepita," nilisema. Machozi yalitoka yenyewe. "Seize heures imepita. Ni mimi. Ni mimi nilibafuta."

"Saa kumi ya wapi?" mama Marthe aliuliza.

"Ya hapa..."

"Liste inafungwa wapi?"

Nilimtazama. Mimi, mwenye diploma, niliyempigia Papy asubuhi ile ile nikamwamsha! Kinshasa ilikuwa bado saa tisa.

"Maurice alikuwa anasema, Kinshasa wanatunyima vitu mingi, lakini kila siku wanatupatia saa moja." Akafuta mikono kwenye kanga yake nyeusi. "Sasa tunasoma."

Alisoma toka juu. Hakusoma kwa kunong'ona tena. Alisoma kwa sauti kamili, ile aliyokuwa akimsomea mumewe, na uani wachezaji wa dama walinyamaza. Jina la mtoto, jina la mama, umri, mguu, kijiji. Kwa kila jina alinyamaza kidogo, kama anangoja mtu aseme sawa. Hakuna aliyesema. Kwenye jina la tatu, tonton Hubert akasema:

"Sawa."

Mama Marthe hakumtazama. Akaendelea. Sawa. Sawa. Walipofika wa tisa, mzee akainua mkono.

"Hapana. Alikutajia kijiji ya kuzaliwa, lakini ule mama hakae tena kule. Kijiji ile ilihama yote wakati ya machafuko. Iko hapa, nyuma ya gare, anauzisha mikate ya muhogo. Mimi mwenyewe nilimubeba na ule mutoto ku wagon yangu, safari yangu ya mwisho. Na hiyo simu aliuzisha juzi. Andika ya kwangu."

Nilibadilisha. Kama tungehifadhi bila kusoma, gari la kuchukua watoto lingekwenda kwenye kijiji kisicho na watu, na mtoto angekuwa hapa, hatua mia tatu kutoka tulipokaa.

Kwa jina la kumi na nne mzee alisema "sawa", na mama Marthe akaweka kidole chake mwenyewe juu ya kitufe, akabonyeza. Saa yangu ilikuwa kumi na dakika thelathini na nane. Dakika chache baadaye Papy aliandika: *Kisangani thelathini na tatu. Nimeipata.*

Tonton Hubert alitoka nje bila kusema neno. Nilisikia akiwaambia wenzake waondoe ile dama. Mama Marthe alifunga mashine, akaifunika kwa kitambaa cheupe, akaenda akaketi kwenye mkeka wake. Zilibaki siku kumi na tisa.

Jioni hiyo nilimweleza Madame Patricia kila kitu, nikiwa nimesimama. Niliposema "miaka miwili" aliinuka, akaenda kwenye meza ya papa Maurice, akaweka kiganja juu ya kitambaa. Kuhusu akaunti niliyofungua bila ruhusa alisema tu kwamba nitaandika ripoti, na kwamba baada ya siku arobaini atavuka mwenyewe kuzungumza na mjane. "Na sitapeleka maua ya plastique," aliongeza.

Kesho yake asubuhi niliingia mapema kusahihisha namba moja ya simu. Nilikuwa sijamaliza hata tarakimu tatu, kioo kikawa cheusi. Mtumiaji mwingine ameingia. Nilifungua orodha ya handaki. Namba sita, na pembeni yake jina jipya: Marthe.

Nilipiga ile simu tuliyoiandika jana. Akajibu tonton Hubert, na nyuma yake nilisikia sauti ya mama Marthe ikitaja mtoto mpya, wa orodha ijayo: mama, umri, mguu.

"Subiri kidogo, binti," alisema. "Tunasoma."